Si Kila Uvimbe wa Moyo ni Saratani
Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wakazi na wahudumu wa afya ya jamii



Nimeombwa nizungumze kuhusu saratani ya moyo. Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu hapa kaunti ni kueleza mambo yaeleweke. Lakini jambo hili liliwahi kuingia nyumbani kwetu, na kosa lililotuumiza lilikuwa la neno moja. Neno hilo nililitamka mimi.

Shangazi yangu huuza viazi sokoni. Alianza kuhema kila alipopanda mlima kurudi nyumbani. Usiku hakuweza kulala chali. Aliegemea mito mitatu. Wengine tulisema ni pumu, wengine tukasema ni umri. Miguu ilipovimba tukampeleka hospitalini, akafanyiwa kipimo cha eko. Hiki ni kipimo cha kuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti, kama kile wanachofanyiwa akina mama wajawazito. Hakiumi. Alitoka na barua ya rufaa iliyosema ana uvimbe ndani ya moyo na aende upesi kwa daktari bingwa.

Familia ilinipa barua niisome, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Nikawaambia, "Ni saratani ya moyo."

Barua haikusema saratani. Ilisema uvimbe. Lakini neno likishatoka, halirudi. Baba zangu wadogo wakaanza kuulizana kuhusu shamba. Jirani akatushauri tusipoteze pesa. Shangazi mwenyewe akasema afadhali afie kwake. Wiki tatu zikapita, barua ikiwa kabatini. Asubuhi moja tukamkuta mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia hauinuki. Kipande cha uvimbe kilikuwa kimemeguka, kikafuata damu hadi kwenye ubongo. Kikawa kiharusi.

Ndugu zangu, hebu tuelewane kuhusu uvimbe wa moyo.

Uvimbe ni nyama au seli zilizoota mahali pasipofaa. Uvimbe mwingine ni saratani: unavamia sehemu za jirani na kusambaa mwilini. Mwingine si saratani. Uvimbe unaoanzia moyoni ni nadra sana. Hesabu inayotajwa sana na wataalamu ni takriban watu 2 katika kila maiti 10,000 zilizochunguzwa. Na katika kila uvimbe 4 wa aina hiyo, takriban 3 si saratani.

Kwa watu wazima, unaojulikana zaidi ni miksoma. Mara nyingi huota katika chumba cha juu cha moyo, upande wa kushoto, ukining'inia kama tunda kwenye kikonyo. Miksoma si saratani, lakini haifai kuachwa. Inaweza kuziba njia ya damu, mtu akazimia anapobadilisha mkao. Inaweza pia kumeguka, kama ilivyomtokea shangazi. Dawa yake ni upasuaji. Mwaka 1954, daktari Clarence Crafoord wa Stockholm, Sweden, aliutoa uvimbe wa aina hii kwa msaada wa mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Leo upasuaji wa moyo unafanywa hapa Kenya, na wengi wanaotolewa miksoma hupona.

Saratani halisi inayoanzia moyoni ipo pia. Inayopatikana zaidi kwa watu wazima huitwa anjiosakoma. Huanzia kwenye seli zinazotanda ndani ya kuta za mishipa ya damu, mara nyingi upande wa kulia wa moyo. Hukua haraka, na wengi hugunduliwa ikiwa tayari imefika mapafuni. Sitawaficha: hii ni ngumu kutibu.

Kwa nini ni nadra? Saratani hupata nafasi pale seli zinapogawanyika mara nyingi. Seli za misuli ya moyo hazigawanyiki sana. Mwaka 2009 watafiti nchini Sweden walionyesha kwamba mtu wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 tu ya seli hizo kwa mwaka, na kiasi hicho hupungua kadiri anavyozeeka.

Lakini saratani iliyoanzia kwingine inaweza kuufikia moyo. Hii hutokea mara 20 au zaidi kuliko ile inayoanzia moyoni penyewe. Hutoka kwenye mapafu, matiti, umio, ngozi au damu. Kwa hiyo, anayetaka kuulinda moyo wake dhidi ya saratani aanze huko. Aache sigara. Mama akihisi kivimbe kwenye titi asingoje kiume. Mtu ambaye chakula kinamkwama kooni asijitibu kwa chai ya moto mwezi mzima.

Kuna jambo jingine. Baadhi ya dawa za saratani, na miale inayopigwa kifuani, zinaweza kudhoofisha moyo. Hiyo si sababu ya kukataa matibabu. Ni sababu ya kumwambia daktari mapema kama una shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, na kukubali moyo upimwe kabla ya matibabu na wakati yakiendelea.

Sasa dalili. Kuhema ukifanya kazi ndogo au ukilala chali, miguu kuvimba, moyo kwenda mbio, kuzimia, homa isiyoeleweka, kupungua uzito. Mkiona dalili hizi msikimbilie kusema saratani. Mara nyingi chanzo ni kingine: shinikizo la damu, vali zilizoharibika baada ya maambukizi ya koo utotoni, upungufu wa damu, au kifua kikuu kilichojaza maji kuzunguka moyo. Mengi kati ya haya yanatibika, lakini hakuna anayeweza kuyatofautisha kwa macho. Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ukapimwe na kupewa rufaa ikihitajika. Na mdomo ukienda upande, au mkono ukilegea ghafla, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Ambaye hajajisajili na SHA abonyeze *147# leo, akiwa mzima. Mgonjwa akishalala kitandani, kila siku ya kutafuta stakabadhi ni siku imepotea.

Mkipewa karatasi yenye neno uvimbe, muulizeni daktari maswali matatu. Ni uvimbe wa aina gani, na imethibitishwaje? Umeanzia hapa au umetoka kwingine? Nikichelewa, hatari ni ipi? Kuuliza si ujinga. Sisi hatukuuliza hata moja.

Wahudumu wetu wa afya ya jamii, nanyi nawaomba: msitamke jina la ugonjwa ambalo karatasi haikutaja. Someni kilichoandikwa, kisha mhakikishe mgonjwa amefika alikotumwa.

Shangazi alifanyiwa upasuaji hali yake ilipotulia. Uvimbe ulipopimwa maabara, ulikuwa miksoma. Analala chali sasa, na amerudi sokoni. Ila mkono wa kulia haujapata nguvu zote. Viazi anapimiwa na binti yake. Hajawahi kunilaumu. Mimi ndiye ninayeuona mkono ule kila Jumamosi, na ndiyo maana nimekubali kusimama hapa leo.