Baridi ya Kifaranga: Mazungumzo na Wanunuzi wa Vifaranga Kisiwani Mafia



Nilipoombwa kuja Kilindoni kuzungumzia ulezi wa vifaranga wakati wa baridi, mwenzangu mmoja alicheka. Baridi gani, aliuliza, katika kisiwa ambacho watu wake hulala madirisha wazi? Swali hilo lingekuwa la haki kama kifaranga angekuwa mtu. Kifaranga wa siku moja amevaa manyoya laini ya utotoni yasiyozuia upepo wala unyevu, na mwili wake bado hauwezi kujitengenezea joto la kumtosha. Katika wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Usiku wa Julai, kusi ikivuma, hewa ya hapa hushuka hadi nyuzi 20 na kitu. Sisi tunasema hewa ni nzuri, tunajifunika shuka na kulala. Kwake yeye huo ni upungufu wa nyuzi 10 au zaidi, na upungufu huo unaua.

Mkulima wa Makete, ambako umande huganda miezi ya Juni na Julai, hahitaji kuambiwa haya. Anaijua baridi, na kabla vifaranga hawajafika amekwisha ziba nyufa na kuwasha mkaa. Sisi watu wa pwani tunadanganywa na joto letu wenyewe.

Nami nilidanganyika. Mara ya kwanza niliponunua vifaranga 100, niliwapokea usiku wa mvua ya masika. Niliwaacha ndani ya boksi walimosafiria, nikalifunika kwa kanga, nikalala. Asubuhi niliwakuta wengi wamekufa bila jeraha lolote. Walikuwa wamelundikana kutafuta joto, na waliokuwa chini wakakosa pumzi. Kosa hilo lilikuwa langu. Lakini muuzaji naye hakuwa safi: aliniambia wametotolewa alfajiri ile, na baadaye mchukuzi akanieleza kwamba walikuwa wamekaa ghalani siku mbili. Nilikuwa sina risiti yenye tarehe, kwa hiyo sikuwa na la kusema.

Siku mbili ni jambo kubwa, nami nitaeleza kwa nini. Kifaranga anapotoka kwenye yai huwa amebaki na kiini tumboni, na kiini hicho humlisha kwa muda wa hadi saa 72. Ndiyo sababu inawezekana kumsafirisha bila chakula. Lakini akiba hiyo huanza kutumika tangu saa anayototolewa, si saa unayomlipia. Sasa hesabu safari ya kwetu: kutoka Dar es Salaam kwa gari hadi Nyamisati, kusubiri chombo na pengine kusubiri maji yajae, kisha kuvuka bahari hadi Kilindoni, na kwa mtu wa Bweni au Kirongwe, barabara tena. Kifaranga aliyekwisha kaa ghalani siku mbili anawasili huku akiba yake imekwisha, na mwili usio na akiba hauna cha kupambana na baridi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lihusu siku na saa ya kutotolewa, kabla hata hamjagusa bei. Jibu liandikwe kwenye risiti, pamoja na aina ya kuku, idadi, na chanjo walizokwisha pewa. Muuzaji anayekataa kuandika amekwisha kukujibu.

Mzigo ukifika, ufungue hapohapo gatini mbele ya aliyeuleta. Wahesabu. Chukua vifaranga kadhaa kutoka pembe mbalimbali za boksi, si wale wa juu tu. Kifaranga mzima ana macho maangavu, manyoya makavu, kitovu kilichofunga na miguu inayosimama. Ukimlaza chali hugeuka upesi. Mwenye kitovu kibichi au kinyesi kilichogandamana nyuma hafai kulipiwa.

Nyumbani, joto litangulie. Mahali pa kulelea, ambapo wengi huita bruda, pawashwe moto saa kadhaa kabla vifaranga hawajaingia, ili sakafu nayo ipate joto, kwa kuwa sakafu ya saruji iliyopoa huwanyonya joto kupitia miguuni. Tandaza maranda makavu. Zungushia bati au kadibodi kwa umbo la duara, kwa sababu kwenye pembe ndiko wanakolundikana. Vifaranga 50 kwa mita moja ya mraba wanatosha katika wiki ya kwanza. Kila wiki punguza joto kwa nyuzi 3 hivi, hadi watakapoota manyoya.

Asiye na kipimajoto atazame vifaranga wenyewe. Wakijikusanya chini ya moto na kulia, wana baridi. Wakijitenga mbali huku midomo imeachama, wamezidiwa na joto. Wakienda wote upande mmoja, kuna upepo unaopenya upande wa pili. Wakitawanyika, wengine wakila na wengine wamelala, mwache moto ulivyo. Watazame hasa saa nane na saa tisa za usiku, wakati mkaa unapokuwa umefifia nasi tumo usingizini.

Kwa moto, wengi wetu tutatumia jiko la mkaa au chungu chenye mkaa, na hapa Mafia vifuu vya nazi hutoa mkaa mkali usio na gharama kubwa. Nawasihi jambo moja kwa msisitizo. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Huua vifaranga, na huua watu waliolala. Ziba upepo wa chini, unaowapiga vifaranga, lakini acha uwazi wa juu ukutani. Na msilale chumba kimoja na jiko hilo, wala msiwalaze watoto humo, hata mvua inyeshe vipi.

Kuhusu chakula: vifaranga wapewe kwanza maji safi yasiyo baridi, kisha chakula cha vifaranga kilichochanganywa kiwandani kwa wiki za mwanzo. Najua kisiwa hiki kina minazi mingi, na machicha hutupwa uani kila siku. Kuku mkubwa atayafurahia, ilimradi yasiwe yamechacha. Kifaranga hawezi kukua kwa machicha wala kwa mashudu ya nazi peke yake, kwani protini yake haimtoshi. Dagaa wanafaa sana, lakini wanunueni kwa macho. Tia konzi moja ndani ya bakuli la maji, koroga, usubiri: mchanga utazama chini, nawe utaona ulichokuwa ukikilipia. Waonje pia, maana dagaa wa chumvi nyingi huwadhuru vifaranga. Pumba au mashudu yenye harufu ya ukungu yasinunuliwe kwa bei yoyote. Sumukuvu haiondoki kwa kuanika juani.

Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, kinaweza kufyeka banda zima kwa siku chache. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, hustahimili joto kuliko chanjo nyingine za ugonjwa huo, nayo ni tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Kustahimili joto hakuna maana ya kuachwa juani. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi na utazame duka limeihifadhi wapi.

Yupo atakayesema kwamba hawezi kukesha na moto. Huyo namshauri asinunue vifaranga wa siku moja. Tuchukue mfano: kifaranga akiuzwa shilingi 2,000, vifaranga 100 ni shilingi 200,000. Wakifa 40, kila mmoja wa wale 60 amekugharimu zaidi ya shilingi 3,300, kabla hujahesabu mkaa na chakula. Pengine ungemlipa jirani aliyekwisha walea hadi umri wa mwezi mmoja, ukawapokea wakiwa na manyoya. Au umwachie kazi kuku wa kienyeji: mpe mayai 10 hadi 13 yasiyozidi siku 7 tangu kutagwa, naye baada ya siku 21 atakutolea vifaranga na kuwapa joto usiku kucha bila mkaa. Anayekuuzia mayai ya kutotolesha aulizwe kama kuku wake wanaishi na jogoo. Mayai ya mabanda ya kuku wa mayai wasio na jogoo hayatotoi, hata yakae kwenye mashine namna gani. Na anayekuuzia mayai ya chotara kwa ahadi kwamba watoto watakua sawasawa na wazazi wao anaahidi jambo asiloweza kulitimiza.

Ukiona umedanganywa, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye kuisimamia. Kwa mizani na vipimo, yupo Wakala wa Vipimo. Kwa vifaranga waliokufa, muite ofisa mifugo wa kata siku hiyohiyo, kabla hujawafukia, ili aseme kama ni ugonjwa waliokuja nao au ni baridi ya nyumbani kwako. Weka risiti mahali pakavu. Niliyopewa safari ya pili ilitafunwa na mende, nikalazimika kumwomba muuzaji aniandikie upya.