Kila mlango wa nje uwe na mlinzi
Maneno kwa vijana wa Hewa Bora, Lubumbashi

 

Leo hatuzungumzi barabara wala kukatika kwa umeme. Tunazungumzia kidole cha mtoto wa miaka 5 juu ya telefone ya mama yake.

Mu kartier yetu, mtoto hana telefone yake. Anacheza na ya mama, ya baba, ao ya yaya. Njo ile ile yenye M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money ndani. Anafungua programu ya kuhesabu maembe, anagusa nyota inayong'aa, na mara moja yuko nje: ku ukurasa wa kubeti, ao mbele ya video ambazo hata mkubwa anaona haya kuzitazama.

Batu banasema: "Mama aangalie mtoto wake." Sawa. Lakini mama yuko soko, anatafuta chakula cha jioni. Na mwenye kujenga nyumba njo anaweka mlango. Tundu likiwa kwenye ukuta, tusimlaumu mtoto aliyepita.

Tundu hizo zinaweza kutafutwa na mashine. Programu ya telefone ni maandishi, na maandishi yanasomwa. Tangu mwaka 1978, Stephen Johnson wa Bell Labs, Marekani, aliandika kichunguzi kinachoitwa lint, cha kusoma programu za lugha ya C na kuonyesha sehemu zenye mashaka mbele zitumiwe. Leo vichunguzi vya namna hiyo ni vingi, na vingi ni vya bure.

Kwa programu ya watoto, kichunguzi kinapita kila mstari na kuuliza maswali 4. Ni wapi programu inafungua anwani ya nje? Je, inapita kwenye mlango mmoja tu, ule unaomuita mkubwa kwanza? Anwani hiyo iko kwenye orodha iliyokubaliwa? Inaanza na https? Jibu moja likiwa hapana, kazi inasimama. Toleo jipya halitoki mpaka mtengenezaji arekebishe. Na inafanyika kila mara anapobadilisha kitu, hata usiku wa manane, kwa sababu mashine haichoki na haipokei matabishi.

Lakini tusidanganyane: kichunguzi hakioni yote. Anwani inayoletwa kutoka mbali wakati mtoto anacheza, hakiioni. Matangazo yaliyofungwa ndani ya kifurushi cha kampuni ingine, hakiyafungui. Na ukurasa mzuri wa leo unaweza kuachwa na mwenyewe, kesho mtu mwingine akanunua jina lake na kuweka uchafu. Kwa hiyo orodha ikaguliwe kila mara, na mtu mwenye macho abaki.

Apple tayari inakataza programu za sehemu ya watoto kuwa na viungo vya nje visivyo nyuma ya mlango wa mzazi. Ni vizuri. Ila shiye tunapitishiana programu kwa Bluetooth, telefone kwa telefone, bila kupita duka lolote. Tena mlango wenyewe mara nyingi unauliza 7 mara 8, kwa Kiingereza. Mtoto wa miaka 10 anajibu na kupita. Bibi yake anayesoma Kiswahili peke yake anabaki nje! Mlango wetu uwe na namba ya siri ya mzazi, na maneno ya Kiswahili.

Mutauliza: sisi tutaanzia wapi? Kuna pa kuanzia. Mashindano ya Global Learning XPRIZE yalijaribu programu za kufundisha kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, Tanzania. Mwezi wa 5 mwaka 2019, onebillion na Kitkit School waligawana dola milioni 10. Na maandishi ya programu za timu 5 za mwisho yaliwekwa wazi, kila mtu ayasome. Zilitengenezwa zifanye kazi bila intaneti. Ukizileta ku telefone yenye megas, hali inabadilika, kwa hiyo zichunguzwe upya. Wanafunzi wa informatika wa UNILU na wa Salama, kazi hiyo ni yenu, na munaiweza.

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 42, inaipa serikali wajibu wa kulinda vijana katika afya, elimu na makuzi yao. Tuna sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009. Tuna Kanuni ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023. Karatasi ziko. Kwa hiyo tunadai mambo 3.

Moja: programu yoyote ya watoto inayonunuliwa kwa franga za wananchi ipite kichunguzi, na matokeo yatangazwe.

Mbili: orodha ya anwani zake ionyeshwe wazazi, mu lugha wanayosoma.

Tatu: masomo isiyopata majibu hayo iwe na haki ya kukataa.

Hatuombi zawadi. Nyumba inajengwa kwa ajili ya watoto wetu, basi tuonyeshwe milango yake. Jumapili hii, kila mmoja afungue telefone ya nyumbani, aguse kila kibonye cha programu ya mtoto, aandike kinampeleka wapi. Tukutane tena na orodha hizo mkononi.

Vijana, tusimame!