Kuvumwani Katika Kitalu cha Midungusi

Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wenye vitalu vya miche na wapenda bustani.



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo dogo, walakini udogo wake haukuzuia kuwatia hasara watu wengi. Jambo lenyewe ni kuvumwani, yaani yale majani madogo mno ya kijani, laini kama zulia, yaotayo juu ya mawe, mapaa na magogo mahali penye unyevu. Mtu apandaye midungusi kwa mbegu hana adui amfuataye karibu zaidi ya huyu.

Kwanza yafaa tupatane juu ya mmea wenyewe. Mdungusi ni mmea wa miiba, mwili wake mnene umejaa maji, na karibu jamii zake zote asili yake ni bara la Amerika. Jamii moja tu, iitwayo Rhipsalis baccifera, huota yenyewe katika Afrika, ikining'inia juu ya miti ya misituni, na hapa Kenya pia imo. Mnyaa wetu wa maziwa makali, tuufanyao ua, si ndugu yake. Midungusi midogo huuzwa katika vitalu vilivyo kando ya barabara za Nairobi, na watu huinunua ili kupamba nyumba zao.

Iko midungusi ikatwayo kipande kikapandwa, na kipande kikashika. Lakini mingi iliyo ya mviringo haitoi machipukizi upesi, na njia yake ni mbegu. Hapo ndipo penye faida, kwa kuwa sinia moja yaweza kutoa miche mingi. Ila faida hiyo huja polepole sana. Mche wa mdungusi wa mviringo, ukitimiza mwaka mmoja, mara nyingi haujazidi punje ya njegere. Kuvumwani hahitaji mwaka. Majuma machache yamtosha kulifunika sinia zima. Basi mwenye haraka na mwenye pole wamewekwa katika chumba kimoja, nao wanakunywa maji yale yale. Asiyeangalia atapoteza mbegu alizozinunua kwa fedha yake, na pamoja nazo miezi mingi ya kungoja.

Msidhani kuvumwani ni ugonjwa. Haimnyonyi mche wala haitoi sumu. Madhara yake ni haya: huufunika mche ukakosa mwanga, hushika maji kama sifongo shingoni mwa mche, na hapo kuvu na uozo huingia, tena husongamana hata kuuinua mche mchanga mizizi yake ikaachana na udongo.

Tena yapasa kuijua tabia yake moja, kwa maana wengi wameponzwa nayo. Kuvumwani haina mizizi ya kweli. Hujishikiza kwa nyuzi nyembamba, na maji huyanywa kwa majani yake. Ikikosa maji hunyauka ikaonekana imekufa. Ikinyeshewa tena, hufufuka. Kwa hiyo mtu anayeliacha sinia likauke ili kuiua, ataiua miche yake kwanza, na adui atabaki akingoja maji. Dawa si kukausha kwa hasira. Dawa ni kumzuia adui asiingie, na akiingia, kumtoa angali mdogo.

Kuvumwani haizai kwa mbegu, bali kwa chembe ndogo kama vumbi. Chembe hizo huchukuliwa na upepo, hulala katika udongo, katika vyungu vya zamani na katika mapipa ya maji ya mvua. Basi kazi ya kwanza ni udongo. Changanya sehemu moja ya udongo uliochekechwa na sehemu moja au zaidi ya mchanga wa mtoni uliooshwa. Mchanga wa pwani haufai kwa sababu ya chumvi. Walio karibu na Naivasha na Longonot wanayo yale mawe mepesi ya volkano yaeleayo majini. Yakipondwa ni mazuri sana. Msitie samadi, kwa kuwa chakula kingi hapo juu humnenepesha kuvumwani kabla ya mche.

Kisha upike udongo huo kwa mvuke. Twaa debe au sufuria kubwa, tia maji kidogo chini, weka mawe, na juu yake bati lenye matundu. Weka udongo wenye unyevu kidogo, funika, chemsha. Mvuke ukiisha kupenya pote, uache nusu saa, kisha upoe ukiwa umefunikwa. Vyungu na masinia yaoshwe kwa maji ya moto. Maji ya kunyweshea nayo yachemshwe yapoe, walau katika miezi ya mwanzo.

Mbegu zitawanywe juu ya udongo zisifukiwe, kwani nyingi hupenda mwanga ili zichipue. Juu yake nyunyiza changarawe safi, ndogo ndogo, kwa tabaka jembamba la kuzishika tu mbegu mahali pake. Changarawe hukauka upesi, nayo kuvumwani haipendi kuanzia mahali pakavu. Wekeni sinia ndani ya maji mafupi mpaka unyevu upande hata juu, kisha mlitoe. Msimwage maji kwa juu kila siku.

Funikeni kwa kioo au kifuniko kingine kinachopitisha mwanga, na sinia likae mahali penye mwanga wa kutosha, lisichomwe na jua kali. Katika joto la nyuzi 20 hadi 30 za sentigredi, mbegu nyingi huchipua katika muda wa juma moja hadi matatu. Kifuniko hiki ni rafiki wa mbegu, lakini kikikaa sana huwa rafiki wa kuvumwani. Mkiona miiba ya kwanza, anzeni kukifungua kidogo kidogo, leo saa moja, kesho saa mbili, mpaka miche izoee hewa. Kwa watu wa nyanda za juu, kupanda mwezi wa Januari kwafaa, ili miche ipate nguvu kabla ya baridi na ukungu wa Juni hadi Agosti.

Pamoja na hayo yote, huenda kuvumwani ikatokea. Mara nyingi hutangulia utelezi wa kijani juu ya udongo. Huo ni barua ya onyo kwamba maji yamezidi na hewa imepungua. Punguzeni maji, ongezeni hewa. Kijani kikifanya zulia, twaeni kibano chembamba au mwiba, mkitoe kidogo kidogo udongo ukiwa na unyevu, huku kidole kikiukandamiza udongo ulio karibu na mche usije ukang'oka. Baada ya hapo rudisheni changarawe. Na kama sinia zima limefunikwa, msipigane nalo. Hamisheni miche yote katika udongo mpya uliopikwa, ipanguseni mizizi taratibu, kisha msiinyweshe kwa siku tatu au nne, mpaka vidonda vya mizizi vikauke.

Wako watakaouliza juu ya dawa. Siki huunguza kuvumwani, nayo huuunguza mche pia. Mrutuutu na dawa nyingine za shaba, kama zile wazinyunyiziazo wakulima wa kahawa, zaweza kuiua kuvumwani. Lakini shaba hubaki katika udongo mchache wa sinia, na mizizi michanga haina nguvu ya kuistahimili. Mkono wenye subira ni bora kuliko chupa.

Neno moja la mwisho juu ya kuchagua mbegu. Msipande mpungate wa porini. Katika Laikipia aina yake moja, Opuntia stricta, imeenea malishoni, na miiba yake huumiza vinywa vya mbuzi na ng'ombe. Mbegu zake huchukuliwa na nyani na ndovu walao matunda. Haifai kitalu cha mtu mmoja kiwe mzigo kwa jirani zake wote.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kitalu cha midungusi ni kile kijani cha kwanza. Litazameni sinia kila asubuhi, kwani dakika tano za leo huokoa kazi ya mwaka mzima.