Honi ya Treni Usiku

Akaaye karibu na kivuko cha reli hukatizwa usingizi, na mtoto mchanga huamka akilia. Hiyo ni adha ya kweli, na aliye mbali asiidharau. Lakini treni iendayo mbio haisimami upesi. Honi ndiyo huwahi kumwonya mpita njia. Huko Florida, Marekani, sheria ya mwaka 1984 iliruhusu honi zizuiwe usiku katika reli ya pwani ya mashariki. Wakazi wakapata usingizi. Ajali za usiku vivukoni zikakaribia mara tatu. Mwaka 1991 serikali kuu ikaamuru honi zirudi. Tangu 2005 mji waweza kuruhusiwa kimya, mradi kwanza uimarishe vivuko, kama kwa vizuizi vizibavyo barabara nzima.