Stensili ya Kumi na Mbili



Nimetakiwa niseme machache juu ya kitabu chetu cha mwaka 1984, ambacho mimi nilikuwa mhariri wake. Wengi mnakikumbuka kwa wino uliochafua vidole. Mimi nakikumbuka kwa stensili 12.

Hizo ndizo nilizopewa, maana mnajua hali ya karatasi ilivyokuwa miaka ile. Stensili moja, ukurasa mmoja. Unauondoa utepe wa taipureta ili herufi zikate nta. Ukipiga "o" kwa nguvu inatoboka, na kwenye mashine ya kurudufu linatoka doa jeusi. Ukikosea unapaka dawa, unapuliza, unangoja ikauke. Na majina yetu ya Kisukuma hayana huruma! Mtu kajiandika Ng'wandu, rejesta inasema Mwandu. Nilifuata rejesta. Wapo ambao hawajanisamehe.

Lakini kosa langu kubwa si hilo. Nilipofika stensili ya mwisho, nafasi ilitosha jambo moja tu: majina ya wenzetu tisa walioacha shule kabla ya mtihani wa kidato cha nne, au Neno la Mhariri. Wale tisa waliondoka mmoja mmoja. Huyu kafiwa na baba, yule kaitwa kwenye pamba asirudi. Nikachagua Neno langu. Nimelisoma tena juzi, halina kitu.

Siku zile Bariadi ilikuwa Mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilikuja mwaka 2012. Kamati ilipoanza kuwatafuta watu, rejesta zilikuwa zimeliwa na mchwa, kikatumika kitabu changu. Barua zikaenda Maswa, Meatu, Itilima, Busega, hadi Dar es Salaam. Kwa wale tisa haikwenda hata moja.

Jana, sokoni hapa Bariadi, nilikutana na mmoja wao. Tulikaa dawati moja miaka mitatu. Akaniuliza fulana hizi za sare ni za sherehe gani.

Yuko hapa, amekaa nyuma pale. Tangu jana usiku mimi naye tumekumbuka majina saba, pamoja na lake. Mawili yametushinda. Karatasi na kalamu viko mezani mlangoni. Anayeyakumbuka, tafadhali, ayaandike kabla ya chakula, na ayaandike kama wenyewe walivyojiandika.