Mwana wa Reli Aliyekwenda Bungeni

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Nimeambiwa niseme kwa kifupi, maana wengine wanaingia zamu ya usiku. Wako kati yetu wanaotaka mwenzetu mmoja asimame katika uchaguzi, aende Bungeni kututetea. Mimi sipingi. Lakini kwanza nitawapa habari za mtu mwingine wa reli aliyekwenda Bungeni, huko Uingereza. Jina lake James Henry Thomas, na watu walimwita Jimmy.

Alizaliwa mwaka 1874 katika mji wa Newport, akalelewa na nyanya yake. Akiwa na miaka 9 alikuwa mtoto wa kutumwa dukani. Baadaye akaingia reli: akasafisha injini, akachochea makaa, mwisho akawa dereva. Wazee wetu waliokula moshi wa makaa wangemfahamu mara moja.

Mwaka 1910 watu wa Derby walimchagua kuwa mbunge, kisha akawa katibu mkuu wa chama cha watu wa reli. Mwaka 1919 Serikali ilitaka kupunguza mishahara. Watu wa reli wakagoma siku 9, na Serikali ikarudi nyuma. Thomas ndiye aliyekuwa mbele. Lazima tumpe haki yake.

Lakini mwaka 1921 wachimba makaa walifungiwa kazi na mabwana wao, wakawa wanangoja watu wa reli na wa uchukuzi wagome pamoja nao, kama walivyoahidiana. Tarehe 15 Aprili viongozi, Thomas akiwamo, wakafuta mgomo. Wachimba makaa wakabaki peke yao. Siku hiyo iliitwa Ijumaa Nyeusi.

Mwaka 1924 chama cha Labour kilishika Serikali mara ya kwanza, na Thomas akawa Waziri wa Makoloni. Yaani Kenya hii ilikuwa chini ya mtu aliyewahi kusafisha injini! Babu zetu walikuwa wamevaa kipande shingoni. Alikaa miezi 9 hivi, akatoka, na kipande kikabaki palepale. Nadhani bwana huyu hakutuona sisi kuwa wafanya kazi kama yeye.

Alipenda sana karamu za wakubwa, hata mchoraji wa magazeti, David Low, akamchora kama shati la karamu. Hiyo si dhambi. Mimi pia nina suti yangu ya Jumapili. Ubaya ulikuja katika kura.

Mwaka 1929 alipewa kazi ya kupunguza idadi ya wasio na kazi. Walikuwa zaidi ya milioni 1; mwisho wa 1930 wakawa milioni 2 na nusu. Mwaka 1931 Waziri Mkuu MacDonald aliacha wenzake wa Labour, akaunda Serikali pamoja na wapinzani wao. Serikali hiyo ikakata msaada wa wasio na kazi. Mwanamume aliyepata shilingi 17 kwa wiki akapata shilingi 15 na peni 3. Thomas alikuwa waziri ndani yake. Chama cha reli kikamtaka achague, naye akachagua uwaziri. Akapoteza ukatibu na pensheni yake ya chama. Na watu wa Derby? Walimrudisha Bungeni mwaka uleule! Mwaka 1936 ilionekana ametoa siri za bajeti kwa rafiki zake, akaacha uwaziri na Bunge pia.

Sasa sikilizeni. Bunge la London likipiga kura, wabunge hupita katika milango miwili na majina yao huandikwa. Mtu wa Derby angeweza kusoma kura ya mbunge wake, kama angetaka. Huku Nairobi mara nyingi Spika husikiliza sauti tu, za "ndiyo" na za "la". Wabunge wasipodai kuhesabiwa, jina la mtu halionekani. Akirudi nyumbani Jumamosi aweza kutuambia lolote, nasi tutapiga makofi.

Kwa hiyo, kabla hatujachanga hata shilingi moja, ndugu yetu aandike na kutia sahihi mbele ya tawi kwamba, kwa kila mswada wa mshahara, kodi au vyama vya wafanya kazi, atadai majina yaandikwe, na atatuletea karatasi za Hansard. Akikataa, ni heri tujue leo. Naomba Bwana Katibu aliweke neno hili katika ajenda ya mwezi ujao.