Namna ya Kupima Shule Zetu
Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya Mkutano wa Mwaka, Garissa



Nimeagizwa niseme machache juu ya shule za serikali za mji huu, ipi iliyo bora kupita nyingine. Mimi ni karani, si mwalimu. Kazi yangu ni kuandika hesabu na kuisoma tena. Kwa hiyo sitamtaja mshindi, bali nitaeleza njia ya kupima.

Tangu mwaka 1985 watoto walifanya mtihani wa KCPE, nasi tulizoea kuuliza jambo moja tu: shule hii imepata alama ngapi? Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa twapima kwa uvumi; jirani akimhamisha mwanawe, nasi twamhamisha wetu. Wazee wangu, katika soko letu la mifugo hakuna anunuaye ng'ombe kwa maneno ya dalali. Mnunuzi hutazama meno, kisha humtembeza aone miguu. Mbona mtoto apelekwe shule kwa maneno ya barabarani?

Uhamaji huo una gharama. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi kimekuwa shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Watoto 100 wakiondoka, shilingi 142,000 huondoka nao, na wanaobaki, ambao aghalabu ni wana wa maskini, hupungukiwa vitabu. Huko waendako nako darasa hujaa hata mwalimu asijue majina.

Tena tukumbuke. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hii yetu, na baadaye walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi waliondolewa. Darasa lililokosa mwalimu likishindwa, kosa si la mtoto. Kulilinganisha na lenye walimu kamili ni kumshindanisha ngamia aliyenyweshwa jana na yule atokaye ukameni.

Basi nashauri tuulize mambo manne. Walimu ni wangapi kwa watoto wangapi? Je, kuna maji, na vyoo vya wasichana vyenye milango? Wasichana walioanza darasa la kwanza, wangapi wamefika la sita? Na mtoto wa darasa la tatu, aweza kusoma ukurasa mmoja mbele ya mzazi wake?

Wazee, ninyi mwakumbuka Novemba 1980, watu wa mji huu walipokusanywa na kuzuiliwa katika uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa. Mimi sikuwa nimezaliwa. Lakini nimesikia kwenu kwamba siku zile hakuna aliyeulizwa mtaa wake. Taabu ilikuwa ya wote. Na shule zetu ziwe za wote vivyo hivyo.

Naomba chama kiwachague wazee wawili na akina mama wawili, wazuru kila shule, waandike majibu, nami niyasome hapa mwakani. Palipo na upungufu tusipakimbie, twende tukasaidie. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.